Taa zote kwa mpigo: kisa cha gari dogo la Donholm

Gari lenyewe ni la aina iliyojaa Nairobi: hachibaki ya Kijapani ya mwaka 2015, injini ya cc 1500, giaboksi ya otomatiki ya CVT, linawashwa kwa kitufe, na lina ule mfumo wa kuzima injini kwenye foleni na kuiwasha tena dereva akiachia breki. Liliingia Mombasa mwaka 2022, likiwa bado ndani ya ile miaka minane ambayo Kenya inaruhusu kwa gari lililotumika. Likanunuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji akataka lifungwe traka, kile kifaa cha kufuatilia gari, kabla mwenyewe hajakabidhiwa ufunguo. Kisa ni cha mfano, lakini dalili, vipimo na makosa yaliyomo ni ya kawaida kwa magari ya aina hii.

Mwenye gari, mama anayeishi Donholm na kufanya kazi Upper Hill, ana malalamiko matatu ambayo kwake ni magonjwa matatu tofauti. La kwanza, Jumatatu asubuhi betri imelala: gari likiegeshwa Ijumaa jioni na lisiguswe wikendi nzima, haliwaki bila kujampu, yaani kuazima umeme wa betri nyingine. La pili, kwenye vipande vibovu vya barabara taa ya ABS (breki zisizofunga magurudumu), ya kuzuia kuteleza, ya usukani na ya injini zinawaka kwa mpigo, usukani unakuwa mzito kwa sekunde chache, halafu taa zinapungua na safari inaendelea. La tatu ndilo lililolileta gari gereji likikokotwa: kitufe kinabonyezwa, dashibodi inawaka, stata, mota ya kuwashia injini, haizunguki hata kidogo, na alama ya ufunguo inamwekamweka.

Kufikia hapo pesa zimeshatoka. Betri mpya ya NS60 imewekwa. Alternata, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, imebadilishwa kwa nyingine ya ex-Japan, iliyokwishatumika Japani. Sensa ya ABS ya gurudumu la mbele kushoto imenunuliwa, kisha betri ya rimoti ya ufunguo. Taa hazikukoma. Hatimaye fundi wake wa awali akachomeka kimashine chake cha bluetooth chini ya usukani, simu ikamwambia haioni injini, naye akatoa hukumu: “Mama, hii ni kompyuta imeungua. Nipe muda nikutafutie nyingine Kirinyaga Road.”

Kompyuta haikuwa imeungua. Malalamiko yote matatu yalitoka kwenye sehemu moja ya waya isiyozidi urefu wa kidole, nyuma ya dashibodi. Kilichogharimu sana hapa ni kubadilisha vitu kabla ya kupima, na teknolojia ya gari hili ndiyo iliyofanya kosa hilo liwe rahisi kufanyika na ghali kulipia.

Kwa nini taa nne ziwake pamoja

Kwenye gari la zamani kila swichi ilikuwa na waya wake na kila kifaa kazi yake. Kebo ya spidi ilitoka giaboksi hadi kwenye mshale, basi. Kwenye gari hili hakuna kebo hiyo. Sensa ya gurudumu inapeleka habari kwa kompyuta ya ABS, na kompyuta hiyo inaitangaza kwenye mtandao wa ndani ya gari uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986. Mshale wa spidi unaisikia. Kompyuta ya usukani wa umeme inaisikia ili usukani uwe mwepesi ukiegesha na mzito kiasi ukiwa kasi. CVT inaitumia pia, na hata milango inajifunga yenyewe gari likishika mwendo kwa sababu ya habari ile ile.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyosifiwa. Sensa moja inahudumia mifumo mingi, shaba inapungua, uzito unapungua, na kila kompyuta inaweza kumsikiliza mwenzake: injini ikiambiwa gurudumu moja linateleza, inapunguza nguvu kabla dereva hajahisi lolote.

Mtandao huo ni nyaya mbili tu, zilizosokotwa pamoja. Mmoja ukipanda kufikia volti 3.5, mwenzake unashuka hadi 1.5, kukiwa kimya zote zinakaa 2.5. Kompyuta zinasoma tofauti kati ya nyaya mbili, wala si volti ya waya mmoja, na kule kusokotwa ndiko kunakofanya kelele za umeme wa koili na mota zigonge nyaya zote sawasawa na kufutana. Kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Kata waya mmoja katikati na gari linagawanyika pande mbili zisizosikizana.

Kwa hiyo taa nne zikiwaka sekunde moja, usihesabu hitilafu nne. Kompyuta ya usukani haijui mwendo wa gari, hivyo inapunguza msaada wake na kuwasha taa. Ya kuzuia kuteleza haijui injini inafanya nini, nayo inajiondoa kazini na kuwasha taa. Kila moja inasema ukweli kwamba haijaambiwa kitu. Aliyenunua sensa ya gurudumu alishika msimbo mmoja wa hitilafu kati ya mingi na kuuamini, wakati sensa iliyokufa kweli ingewasha ABS na mfumo wa kuteleza, na kuuacha usukani na ufunguo vikiwa salama.

Nani anajibu, nani kimya

Gereji, kazi ilianza kwa kusoma misimbo ya kompyuta zote, kabla ya kufuta hata mmoja. Vile vimashine vidogo vya bluetooth kwa kawaida vinasoma injini peke yake; ABS, usukani, mifuko ya hewa na kompyuta ya bodi (ya milango, taa na vioo) havivigusi. Hapa ilihitajika skana kamili inayoita kila kompyuta kwa zamu na kuonyesha ipi imeitika.

Gari likiwa halijawaka, zilizoitika ni za ndani, wanakokaa watu: dashibodi, bodi, usukani, mifuko ya hewa. Zote zimeandika U0100, yaani zimepoteza mawasiliano na kompyuta ya injini, na U0121, zimepoteza ABS. Injini na ABS, zilizo upande wa mbele chini ya boneti, hazikuitika kabisa. Huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika kisa hiki, na haukuhitaji kufungua parafujo hata moja. Kompyuta mbili haziungui kwa siku moja bila sababu. Kilichokatika ni njia kati ya kundi hili na lile, na njia hiyo inapita nyuma ya dashibodi.

Hapo pia ndipo kimashine cha simu kilipomdanganya fundi. Kilimwambia hakioni injini, na ni kweli hakikuiona. Mtu asiyeitika mlangoni huenda yuko hai na kengele ndiyo imekatika.

Kabla ya kuitangaza kompyuta ya injini kuwa imekufa kuna vipimo vitatu ambavyo kila mwenye multimita, mita ya kupimia volti na omu, anaweza kuvifanya. Pima umeme unaoingia: kwenye pini zake za umeme kuwe na volti za betri, si 9 wala 10. Pima eathi yake, njia ya umeme kurudi kwenye betri: weka waya mmoja wa mita kwenye pini ya eathi ya kompyuta na mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, swichi ya gari ikiwa imewashwa; ikizidi volti 0.1, shida ni bolti au kutu, wala si kompyuta. Halafu pima zile volti 5 ambazo kompyuta inazipelekea sensa. Zikiwa sifuri, chomoa sensa moja moja, kwa sababu sensa moja yenye shoti inaweza kuzivuta zote chini na kuifanya kompyuta nzima ionekane maiti. Gari hili lilifaulu vipimo vyote vitatu.

Kisha mtandao wenyewe. Toa kichwa hasi cha betri, subiri dakika kadhaa, chukua tundu la skana lenye pini 16, upime omu kati ya pini ya 6 na ya 14. Mtandao mzima unasoma karibu 60, kwa kuwa vizuizi viwili vya 120 vimeungwa sambamba. Hapa mita ilisoma 120. Mkono ulipoingizwa chini ya dashibodi na kutikisa fungu la nyaya upande wa kulia wa usukani, ikaruka 60, ikarudi 120, ikaruka tena. Dalili za barabara mbovu zikawa zimeelezeka.

Kilichokutwa chini ya dashibodi

Paneli ya chini ya usukani ilitolewa: parafujo mbili na klipu chache. Fungu la nyaya la kiwandani lilikuwa limechanwa utepe wake kwa kisu, kipande cha urefu wa kiganja. Kutoka hapo zikaning'inia nyaya za traka. Wa umeme umesokotwa kwenye waya mnene unaopeleka umeme kwenye swichi na kuzungushiwa tepu nyeusi, bila fyuzi yake. Wa eathi umebanwa chini ya parafujo ya kushikia plastiki, iliyogusa chuma chenye rangi. Nyaya nyingine mbili nyembamba zimefungwa kwenye CAN yenyewe, kwa namna hii: gamba la waya limekwanguliwa, nyuzi za shaba zimekunjuliwa, waya wa traka umesokotwa juu yake, tepu. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto la jua la maegesho na kuteleza pembeni, ikaacha shaba wazi.

Waya wa CAN ni mwembamba. Kwenye magari mengi ni wa milimita za mraba 0.35 au 0.5. Kisu kikikata nyuzi tatu au nne kati ya zilizomo, waya unaendelea kufanya kazi, na aliyefunga anaondoka akiwa na hakika kazi imekwisha. Zilizobaki zinabeba uzito wa kitu kinachoning'inia, zinatikiswa kila tuta, zinavunjika mmoja baada ya mwingine. Mwishoni ncha mbili zinagusana ndani ya tepu, kwenye lami zinaungana na kwenye mashimo zinaachana. Kisha siku moja zinaachana moja kwa moja, kompyuta ya ufunguo inauliza injini neno la siri, haijibiwi, na stata inanyimwa ruhusa. Ile alama ya ufunguo iliyomweka haikuwa na uhusiano wowote na betri ya rimoti.

Tusimlaumu aliyebuni traka. Wenye magari Nairobi wana sababu nzuri za kuitaka, na mkopeshaji ana haki ya kujua mali yake iko wapi. Lawama ni ya dakika 40 za kufunga kwa kisu na tepu ndani ya gari ambalo kila waya wake ni njia ya mazungumzo.

Betri ilikuwa ikinyonywa na nini

Hapa mpangilio wa kazi una maana. Umeme unaopotea gari likilala haupimwi mtandao ukiwa umekatika, maana kompyuta zisizosikizana zinaweza kukesha zikiitana, na utapima kitu kingine kabisa. Kwa hiyo waya uliunganishwa kwa muda kwanza.

Kipimo kinafanywa hivi. Fungua boneti na mlango, funga lachi ya mlango kwa bisibisi ili gari liamini umefungwa, peleka ufunguo mbali, mita tano au zaidi, kisha weka klampu ya kupimia umeme wa DC (wa betri) kwenye kebo hasi. Subiri dakika 30 hadi 40. Mara tu baada ya kuzima, gari linakula ampea kadhaa na hilo ni sawa. Kompyuta zinakwenda kulala kwa zamu. Baada ya muda huo usomaji unapaswa kuwa chini ya ampea 0.05.

Lilikwama kwenye 0.38.

Hesabu ni fupi. Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Mara 0.38, ni Ah (ampea-saa) 22.8. Betri ya NS60 ina yapata Ah 45 ikiwa mpya na imejaa, kwa hiyo nusu yake imekwenda mtu akiwa kanisani na nyama choma. Betri yenye nusu inasoma karibu volti 12.2 ikiwa imetulia, na iliyochoka kidogo haizungushi stata. Ndiyo maana betri mpya ilisaidia wiki chache tu, na alternata mpya haikusaidia chochote.

Kosa la kawaida hapa ni kuchomoa fyuzi moja moja. Ukichomoa na kurudisha, umeziamsha kompyuta na saa inaanza upya. Afadhali uache fyuzi zote mahali pake, uguse vile vituo viwili vidogo vya shaba mgongoni mwa kila fyuzi, usome milivolti. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inaonyesha kitu. Zilizoonyesha zilikuwa kadhaa, za bodi, dashibodi na redio, na hilo lilishangaza kidogo kwa sababu traka yenyewe inakula kidogo sana. Ilipochomolewa soketi yake, baada ya dakika kumi na kitu usomaji ukashuka hadi 0.03. Traka ilikuwa ikiuliza gari maswali kupitia CAN kila baada ya muda, gari lizimwe lisizimwe, na kila swali likiamsha mtandao mzima. Kilichomaliza betri ni kompyuta ambazo hazikuruhusiwa kulala.

Na alternata? Ile ya zamani huenda haikuwa na shida. Gari lenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni linaendesha alternata kwa akili: betri ikiwa na chaji ya kutosha, linaipunguza ili kuokoa mafuta, kisha linaichapuza dereva akiachia mafuta au kushika breki. Ukipima injini ikinguruma pale pale unaweza kukuta volti 12.8 na kudhani imekufa. Washa taa kubwa, feni ya hewa na kioo cha nyuma, kisha upime tena. Ikipanda hadi 14 na kitu, ni nzima.

Kuna tabia moja ya gereji inayopaswa kukoma leo: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili “kujaribu alternata”. Enzi za kabureta gari lilizimika au likaendelea, yakaisha. Sasa betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme. Ukiiondoa ghafla alternata inaweza kurusha makumi ya volti kwa sehemu ya sekunde, na hapo kompyuta inaungua kweli.

Ukarabati

Nyaya za traka zilitolewa zote. Sehemu iliyochubuliwa ya kila waya wa CAN ilikatwa hadi kufikia shaba inayong'aa, maana shaba iliyokwishapata ukijani haishiki solda. Kipande kipya cha unene ule ule kikaunganishwa kwa solda na kufunikwa na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Viungo vya waya mmoja havikukaa sambamba na vya mwenzake. Vilipishana sentimita mbili au tatu ili visigusane hata mpira ukichakaa. Nyaya zikasokotwa tena pamoja hadi karibu kabisa na kiungo, kwa sababu watengenezaji wanaruhusu sentimita chache tu za waya ulionyooka. Fungu likafungwa kwa utepe wa kitambaa, si wa plastiki, na kushikizwa kwenye chuma cha dashibodi lisining'inie. Solda inaufanya waya kuwa mgumu, na waya mgumu ukitikisika unakatika pembeni mwa kiungo; kwa hiyo kushikiza si urembo.

Multimita ikasoma 60, na ikabaki hapo fungu lilipotikiswa kwa nguvu.

Traka haikutupwa. Kuing'oa kimya kimya ni kuvunja mkataba wa mkopo, na mkopeshaji ataona ishara imekatika kabla gari halijatoka gereji. Mwenye gari alimpigia, mfungaji akaitwa, na ikafungwa upya mbele ya fundi wa gereji: umeme kutoka sanduku la fyuzi kwa kiungio chenye fyuzi yake ya ampea 3, eathi kwenye bolti ya kiwandani, waya wa tatu kwenye umeme wa swichi ili ijue gari limewashwa. CAN haikuguswa. Traka ya kujua gari liko wapi haihitaji CAN hata kidogo. Kwa anayetaka kujua mafuta na mizunguko ya injini, vipo visomaji vinavyobana juu ya gamba la waya bila kulichubua.

Kilichofuata ni kazi ndogo ambazo zikisahauliwa mteja anarudi kesho yake: kufuta misimbo, kuendesha kwenye barabara mbovu na kusoma tena, kufundisha upya sensa ya pembe ya usukani na mwendo wa chini wa injini pale gari linapohitaji, na kurudisha vioo kwenye kupanda kwa mguso mmoja, kwa sababu betri ilikuwa imetolewa.

Kompyuta ya Kirinyaga Road

Ingenunuliwa, ingekuwaje? Kompyuta ya ex-Japan imetoka kwenye gari jingine, na ndani yake mna siri ya funguo za gari hilo. Ukiichomeka, gari linakataa kuwaka hadi funguo zisajiliwe upya kwa mashine inayofaa. Namba iliyoandikwa mgongoni lazima ifanane, maana magari mawili ya umbo moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana giaboksi au mfumo wa kuendesha magurudumu, na programu ikatofautiana. Zaidi ya yote, waya ungekuwa bado umekatika. Mteja angelipa, gari lisingewaka, na sasa lingekuwa na hitilafu mbili, ya pili ikiwa ya kununuliwa.

Kompyuta za injini huungua, ila kwa sababu zinazojulikana: maji, kujampu kwa kugeuza chanya na hasi, kuchomelea bodi bila kutoa betri, na ile tabia ya kuchomoa kichwa cha betri. Mvua na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliacha magari mengi yakiwa yamezama hadi sakafuni. Ukinunua gari la mkononi sasa, inua zulia la mbele na uangalie konekta zilizo chini ya viti kama zina ukijani. Kwenye kuosha magari, bomba la presha lisielekezwe chini ya boneti. Na panya wa maegesho wanapenda magamba ya nyaya kuliko tunavyopenda kukiri.

Je, afadhali gari la kabureta?

Swali hili huulizwa na kila aliyelipa bili kama hii, na jibu letu ni hapana, bila kusita sana. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyosetiwa pwani inamwaga mafuta kupita kiasi ikifika huku, inatoa moshi mweusi na kuharibu plagi, hadi ibadilishwe jeti, kitundu kinachopimia mafuta. Gari hili lilipanda kutoka bandarini likajirekebisha njiani, na likienda Limuru linajirekebisha tena. ABS, ambayo Bosch iliianza kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S mwaka 1978, inamruhusu dereva akanyage breki kwa nguvu zote na bado apinde, jambo ambalo mvua ya kwanza kwenye Mombasa Road, juu ya vumbi na mafuta yaliyomwagika, inalidai mara nyingi. Usukani wa umeme hauna pampu, mkanda wala mafuta ya kuvuja.

Tena ni elektroniki yenyewe iliyotuambia pa kutazama. Kompyuta zilihifadhi ni nani aliyenyamaza na lini. Gari la kabureta likizimika barabarani halikuachii barua.

Gharama zake ziko kwingine. Fundi mwenye sikio zuri na spana hatoshi tena. Anahitaji skana, klampu ya DC na mchoro wa nyaya, na michoro mingi ya magari ya soko la ndani la Japani iko kwa Kijapani. Vifaa vya kuongezea vinafungwa bila mchoro wowote. Hata redio ni mfano: ya Japani imeundwa kwa masafa yanayoanzia 76 MHz na kuishia 90 au 95, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo karibu kila gari linaloshuka Mombasa linafunguliwa dashibodi mapema, na si kila anayeifungua anaifunga vizuri.

Kilichobaki

Betri ya NS60 ilibaki ndani kwa kuwa bado mpya, lakini si ya gari hili. Iliyotoka Japani nalo ilikuwa ya alama N-55, ya umbo lile lile linalofanana kwenye rafu, ila imeundwa kuvumilia kuwasha injini mara nyingi kwa siku. NS60 ya kawaida haijaundwa kwa kazi hiyo na inachoka mapema foleni ya Jogoo Road ikiizima na kuiwasha injini kila hatua. Itakapoisha inunuliwe N-55, na baada ya kuifunga gari liambiwe kwa skana kwamba betri ni mpya, la sivyo litaendelea kuihesabu kama ile iliyochoka. Kifaa chochote kitakachoongezwa, eathi yake isifungwe juu ya nguzo hasi moja kwa moja: kwenye kichwa hicho kuna sensa inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na kinachopita pembeni yake hakihesabiwi. Hadi betri hiyo ipatikane, mfumo wa foleni uzimwe kwa kitufe chake kila safari.